Kutunza Kumbukumbu ya Mwanamuziki wa Bluzi Aliyefariki: Mwongozo Kamili kwa Mashabiki

Mwaka 1927 Blind Lemon Jefferson, mpiga gita kipofu kutoka Texas, alirekodi wimbo ambao ndani yake anaomba fadhila moja tu, kwamba kaburi lake litunzwe safi. Mwaka uliofuata akaurekodi tena, na Desemba 1929 akafariki Chicago wakati wa baridi kali. Mwili wake ulisafirishwa kwa treni hadi Wortham, mji mdogo wa Texas, ukazikwa katika makaburi ya watu Weusi, na kwa karibu miaka 40 pale alipolala hapakuwa na alama yoyote yenye jina lake. Bango la kihistoria lilipowekwa mwaka 1967, liliwekwa kwa kukadiria, kwa kuwa mahali hasa palipochimbwa kaburi palikwisha kupotea. Jiwe la graniti lenye maneno ya lile ombi lake lilisimamishwa mwaka 1997, na mwaka 2007 makaburi yenyewe yakapewa jina lake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mashabiki wanaotaka kumfanyia mwanamuziki wao kile ambacho Jefferson alicheleweshewa. Mifano mingi inatoka Mississippi, Texas na Pennsylvania, kwa sababu huko ndiko bluzi ilikozaliwa au waimbaji wake walikozikwa, na mmoja unatoka Ayalandi, ambako mashabiki wameifanya kazi hii vizuri kuliko wengi. Nimezipanga hatua kwa mfuatano ninaouamini. Vikundi vingi huanza na jiwe la kaburi, kwa kuwa jiwe linaonekana na ni rahisi kulichangia fedha, lakini jiwe linaweza kusubiri miaka mitano bila hasara yoyote, ilhali mzee wa miaka 88 aliyecheza katika bendi ya marehemu huenda asisubiri hadi Pasaka.

Hatua ya kwanza: Thibitisha maisha na kifo chake kwa nyaraka

Anza na cheti cha kifo. Katika jimbo la Mississippi usajili wa vifo kwa utaratibu wa jimbo ulianza Novemba 1912, hivyo wanamuziki wengi wa bluzi waliofariki huko wamo katika daftari hizo, hata wale waliokufa maskini na bila daktari. Cheti hutaja tarehe na mahali pa kifo, jina la mtoa taarifa, mahali pa maziko na aliyesimamia mazishi. Kisome kwa makini huku ukijiuliza mtoa taarifa alikuwa nani. Mama wa marehemu na mwenye nyumba aliyempangisha kwa wiki mbili hawawezi kuaminiwa sawasawa juu ya tarehe ya kuzaliwa.

Kisa cha Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi wa Mississippi, kinaonyesha thamani ya karatasi hiyo pamoja na mipaka yake. Alifariki karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938 akiwa na umri wa miaka 27, na kwa miaka 30 hapakuwa na ushahidi wowote wa maandishi, hadi mtafiti Gayle Dean Wardlow alipokipata cheti chake mwaka 1968. Penye nafasi ya chanzo cha kifo paliandikwa kwamba hapakuwa na daktari. Penye nafasi ya maziko palitajwa kanisa la Zion, basi, na katika eneo lile makanisa yenye neno Zion katika jina ni zaidi ya moja. Matokeo yake ni kwamba leo Johnson ana mawe matatu katika makaburi matatu: kwenye kanisa la Mount Zion karibu na Morgan City, kwenye Payne Chapel huko Quito, na kwenye Little Zion nje ya Greenwood. Hilo la mwisho, lililowekwa mwaka 2002, linategemea maneno ya bibi mmoja aliyeeleza kuwa mumewe ndiye aliyechimba kaburi. Binafsi naliona kuwa ndilo lenye ushahidi mzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa mtu ambaye kifo hicho kiligusa nyumba yake.

Baada ya cheti cha kifo, tafuta karatasi za sensa, kadi za kuandikishwa jeshini za vita vyote viwili vya dunia, vyeti vya ndoa na maombi ya hifadhi ya jamii. Tovuti ya FamilySearch huruhusu kusoma nyingi kati ya nyaraka hizo bila malipo, kwa hiyo msomaji aliye Mombasa au Muscat anaweza kuifanya sehemu hii ya kazi akiwa nyumbani kwake. Kwa upande wa santuri, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara kina orodha iliyo wazi kwa wote inayoonyesha wimbo upi ulirekodiwa siku gani, katika mji gani na kwa namba gani ya santuri mama, yaani ile ya kwanza iliyotumika kutolea nakala. Kila taarifa iandike pamoja na mahali ulipoitoa, na taarifa mbili zinapogongana zihifadhi zote mbili. Usichague ile inayopendeza.

Hapa niseme neno juu ya hadithi tamu, maana ndizo zinazoharibu kumbukumbu kuliko usahaulifu. Kwa miongo mingi ilisimuliwa kwamba mwimbaji wa bluzi Bessie Smith alifariki Septemba 1937 kwa sababu hospitali ya Wazungu ilimkataa baada ya ajali ya gari. Ukweli ni kwamba alipelekwa moja kwa moja katika hospitali ya watu Weusi ya G. T. Thomas mjini Clarksdale, na humo ndimo alimofia, akiwa ameumia vibaya mno. Ubaguzi wa rangi wa wakati ule ulikuwa mkali na hauhitaji kuongezewa kisa ambacho hakikutokea. Vivyo hivyo, hadithi ya kumuuzia shetani roho kwenye njia panda, inayobandikwa kila bango la Robert Johnson, ilisimuliwa mapema na LeDell Johnson kumhusu ndugu yake Tommy, mwanamuziki mwingine kabisa asiye na undugu na Robert. Shabiki anayempenda Robert Johnson ana wajibu wa kueleza kwamba ustadi wake ulitokana na miezi mingi ya mazoezi, yakiwemo aliyofundishwa na Ike Zimmerman, mpiga gita mzoefu wa Mississippi.

Hatua ya pili: Bisha hodi kwa familia

Kabla hujafungua ukurasa wowote wenye jina la marehemu, wala kuchapisha fulana yenye sura yake, watafute watoto, wajukuu au wapwa zake. Waandikie barua, kisha piga simu, na ikiwezekana nenda ukakae nao bila kalamu wala kinasa sauti mara ya kwanza. Familia nyingi za wanamuziki wa bluzi zimekwisha kutembelewa na watu waliochukua picha ukutani kwa ahadi ya kuzirudisha, na hazikurudi. Msishangae mkipokewa kwa tahadhari.

Waulize mambo matatu kwa uwazi: wangependa marehemu akumbukwe kwa lipi, ni lipi wasilotaka litangazwe, na nani miongoni mwao ana mamlaka ya kisheria juu ya mirathi. Swali la tatu si dogo. Mahakama za Mississippi zilichukua miaka mingi kuamua kwamba Claud Johnson ni mwana na mrithi wa Robert Johnson, uamuzi ambao Mahakama Kuu ya jimbo iliuthibitisha mwaka 2000, zaidi ya miaka 60 baada ya baba kufariki. Hata picha zake mbili mashuhuri zilizua kesi nyingine iliyofika mahakama hiyohiyo na kuamuliwa mwaka 2014. Kikundi cha mashabiki kisichojua nani mrithi kinaweza kujikuta kimepewa ruhusa na mtu asiye na haki ya kuitoa.

Mkikubaliana, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi: mnaruhusiwa kutumia jina na picha zipi, kwa shughuli zipi, na fedha zikipatikana zinakwenda wapi. Kila upande ubaki na nakala. Familia ikikataa jambo fulani, liacheni, hata kama sheria ingewaruhusu kulifanya.

Hatua ya tatu: Rekodi waliomjua kabla hawajaondoka

Tengenezeni orodha ya watu hai waliocheza naye, waliomwendeshea gari, waliosali naye, waliompikia, waliomkopesha fedha. Wapangeni kwa umri na afya zao, kisha anzeni na mkongwe kuliko wote, hata kama habari zake zinaonekana kuwa chache.

Siku ya mahojiano beba vinasa sauti viwili, au kinasa kimoja na simu, vyote vikiwa vimewashwa, kwa sababu kimoja kitakuangusha siku moja na siku hiyo hairudi. Rekodi katika faili la WAV la biti 24 na kilohezi 48, wala si MP3. Zima feni, redio na jokofu lililo karibu, na weka ufunguo wa gari lako ndani ya jokofu hilo ili usiondoke bila kuliwasha tena. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na majina ya waliopo, kisha mwombe mzee aseme kwa sauti yake kwamba anakubali kurekodiwa, na baadaye atie saini karatasi inayoeleza sauti yake itahifadhiwa wapi na nani ataisikiliza.

Maswali mazuri ni yale yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Badala ya kuuliza kama marehemu alikuwa mpiga gita hodari, mwombe mzee akueleze jioni moja ya Jumamosi tangu jua linazama hadi watu wanaondoka: nani alifungua mlango, chakula gani kiliuzwa, marehemu alikaa wapi, alifunga nyuzi zake namna gani, alilipwa nini. Chukua picha za zamani, umwekee mkononi moja baada ya nyingine. Akinyamaza, nawe nyamaza; mara nyingi jambo lenye uzito huja baada ya ukimya huo, na mhojaji mwenye haraka hulikata. Saa moja na nusu inatosha kwa siku moja. Rudi wiki inayofuata, maana usiku huo mzee atakumbuka mengi zaidi.

Yule anayesema hana la maana naye asipuuzwe. Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo chache mwaka 1928 kisha akarudi shambani, na kwa miaka 35 hakuna mkusanya santuri aliyejua yuko wapi. Mwaka 1963 shabiki mmoja, Tom Hoskins, alifuata neno moja tu katika wimbo wake, Avalon, lililotajwa kuwa ndiko kwao. Akakitafuta kijiji hicho kwenye ramani ya Mississippi, na alipofika dukani akaelekezwa hadi nyumbani kwa mzee mwenyewe. Watu wa dukani walikuwa wakimjua siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Hatua ya nne: Hifadhi sauti, picha na vitu

Februari 2024 nyumba ya John Hurt karibu na Avalon, ambayo ilikuwa imegeuzwa makumbusho kwa juhudi za familia yake, iliteketea kwa moto. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu linaeleza kanuni ya hatua hii kuliko maelezo yoyote: kitu chochote kilicho mahali pamoja tu kimekwisha kupotea nusu. Kila rekodi, barua na picha iwe na nakala tatu za kidijitali, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mji mwingine. Mara moja kwa mwaka zifungueni zote kuhakikisha zinasomeka.

Santuri za kasi ya 78 za enzi hizo zilitengenezwa kwa shelaki, na zinahitaji uangalizi wake. Zisimamishe wima kama vitabu, kila moja ndani ya bahasha mpya ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Usizipanguse kamwe kwa spiriti wala dawa yoyote yenye alkoholi, kwa kuwa alkoholi huyeyusha shelaki na mifereji ya sauti huenda nayo. Tumia maji yaliyochujwa yenye tone la sabuni laini, kitambaa laini, na usiloweshe karatasi ya katikati. Unapozihamishia kwenye kompyuta tumia sindano pana iliyotengenezwa kwa ajili ya santuri za 78, kwani sindano ya santuri za vinaili huzama chini ya mfereji na kukuletea mikwaruzo badala ya wimbo. Hifadhi kwanza sauti ghafi isiyosafishwa. Usafishaji wa kelele ufanyike kwenye nakala, maana mitambo inaboreka kila mwaka na ghafi ndiyo itakayohitajika.

Kuhusu hakimiliki, sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka utaratibu unaoeleweka kwa sauti za zamani. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa mali ya umma kuanzia Januari 1, 2022. Zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa kwa miaka 100, hivyo santuri za kwanza za Bessie Smith, zilizotoka 1923, ziliachiliwa Januari 1, 2024, na kila Januari mwaka mmoja zaidi unafunguka. Zilizotolewa kati ya 1947 na 1956 hulindwa kwa miaka 110. Kumbukeni kwamba utunzi, yaani maneno na melodia, una haki yake tofauti na sauti iliyorekodiwa, na kwamba nchi nyingine zina muda wao.

Vitu vya asili visibaki chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kikundi. Vipelekeni, kwa idhini ya familia, kwenye taasisi yenye wahifadhi wenye ujuzi. Chuo Kikuu cha Mississippi kina hifadhi maalumu ya bluzi, na B. B. King mwenyewe aliikabidhi santuri zake. Kabla ya kukabidhi ombeni hati inayosema kwamba umma utaruhusiwa kuviona.

Na wewe unayesoma Kiswahili, andika wasifu wa marehemu kwa Kiswahili fasaha, ukiuweka katika Wikipedia ya Kiswahili kwa taarifa ulizozithibitisha katika hatua ya kwanza. Makala za lugha yetu kuhusu wanamuziki hawa ni chache na fupi.

Hatua ya tano: Jiwe la kaburi na fedha zake

Bessie Smith alizikwa Oktoba 1937 katika makaburi ya Mount Lawn, Sharon Hill, Pennsylvania, baada ya maelfu ya watu kumuaga Philadelphia, lakini kaburi lilikaa bila jiwe kwa karibu miaka 33. Michango ilikwisha kufanywa na haikugeuka jiwe. Lilipokuja kuwekwa Agosti 1970, lililipiwa na watu wawili: mwimbaji Janis Joplin, na Juanita Green, mama wa Philadelphia ambaye utotoni aliwahi kufanya kazi za ndani kwa Bessie. Joplin mwenyewe alifariki miezi miwili baadaye.

Kazi ya namna hiyo ilipata utaratibu mwaka 1989, Skip Henderson, muuza magita, alipoanzisha mfuko wa Mount Zion Memorial Fund. Mfuko huo ulilisaidia kanisa lenye makaburi kwa fedha zilizotafutwa kwa jina la mwanamuziki, na jambo hilo nalisifu kwa dhati, kwa kuwa ardhi anayolala marehemu inatunzwa na waumini maskini wakati wageni wanakuja na kamera na kuondoka. Kupitia mfuko huo Charley Patton alipata jiwe huko Holly Ridge mwaka 1991 kwa gharama za mwanamuziki John Fogerty, na Memphis Minnie akapata lake huko Walls mwaka 1996 kwa gharama za mwanamuziki Bonnie Raitt.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mmiliki wa makaburi, ambaye mara nyingi ni kanisa. Nendeni mkaonane na mchungaji na mashemasi, msitume barua pepe tu. Pili, kaburi lithibitishwe kwa daftari la kanisa, kumbukumbu za kampuni ya mazishi na watu walioshuhudia. Pasipo uhakika, jiwe liseme wazi kwamba marehemu amelala katika makaburi haya, pasipo kudai ni futi hizi sita. Tatu, chagueni graniti. Marumaru hupendeza miaka ya mwanzo, lakini mvua huila na herufi hufifia. Nne, msingi wa zege uchimbwe kulingana na udongo wa pale, kwa kuwa udongo mzito wa Delta ya Mississippi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na jiwe lisilo na msingi huinama. Maandishi yasomwe na watu wasiopungua wanne, akiwemo mwanafamilia, kabla fundi hajaanza kuchonga, na kila mmoja asaini mchoro wa mwisho. Kosa la tarehe juu ya karatasi hufutika kwa dakika moja, lakini juu ya graniti ni jiwe jipya.

Fedha zishughulikiwe kwa namna ambayo hata mtu asiyewapenda atashindwa kuwasema. Pateni kwanza bei kutoka kwa mafundi watatu, ongezeni gharama za usafiri, msingi na matengenezo ya baadaye, ndipo mtangaze kiasi. Akaunti ya benki iwe ya kikundi, yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja. Mweka hazina atoe hesabu kila mwezi pamoja na picha za risiti. Semeni tangu siku ya kwanza kwamba ziada itakwenda kwa kanisa au kwa familia.

Hatua ya sita: Siku ya kila mwaka

Rory Gallagher, mpiga gita wa bluzi na roki, alizaliwa Ballyshannon, Ayalandi, Machi 1948, na akafariki London tarehe 14 Juni 1995. Kila mwaka, mwanzoni mwa Juni, mji huo mdogo hujaa wageni kutoka nchi nyingi, bendi zikipiga nyimbo zake kwenye baa, barabarani na katika hema kubwa kwa siku nne. Sanamu yake ya shaba, kazi ya mchongaji David Annand, ilisimamishwa mjini mwaka 2010. Gita lake la Stratocaster la mwaka 1961 lilipopigwa mnada Oktoba 2024 kwa zaidi ya pauni 800,000, mnunuzi alilikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi.

Yapo mambo ya kujifunza hapo kwa kikundi chenye watu 20 tu. Tarehe ni wikendi ileile kila mwaka, hivyo mgeni hupanga safari bila kuuliza. Mji mzima unafaidika, na kwa hiyo mji mzima unaitetea sherehe. Na vijana wanapanda jukwaani. Katika ratiba yenu tengeni angalau saa moja kwa wapiga gita walio chini ya miaka 20, na muwafundishe wimbo mmoja wa marehemu wiki kadhaa kabla. Anzeni na ukumbi mdogo ambao mna hakika utajaa. Kabla ya muziki nendeni kaburini asubuhi, pamoja na familia na watu wa kanisa.

Hiyo ndiyo asubuhi ya kulisafisha jiwe. Lipige picha kwanza, mkisimama mahali palepale mliposimama mwaka uliopita. Lilowesheni kwa maji safi mengi, mlisugue kwa brashi laini isiyo ya waya, mkianzia chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha msuuze. Kuvu zikiwa ngumu, tumieni dawa maalumu ya mawe ya makaburi, na msiguse jiki wala asidi, kwa sababu chumvi zake hubaki ndani ya jiwe na kulila polepole. Ng'oeni majani kwa mkono karibu na jiwe, kwani mashine ya kukatia nyasi hulikwangua. Chupa na senti ambazo wageni wameacha ziondoeni kwa heshima baada ya kuziorodhesha, na senti mzitie katika sanduku la kanisa. Pigeni picha ya pili, andikeni tarehe na majina ya waliofanya kazi, na kabla ya kuondoka angalieni pia makaburi ya jirani yasiyo na jina, mkiyang'olea magugu kwa maji na nguvu zilizobaki.